Maswali ya wasomaji: samaki wanaelea, bayogesi haiwaki, na ziwa bado linapanda

Mwezi huu barua ni nyingi, karibu zote kutoka Nakuru na upande wa Ziwa Victoria, na kila nikisoma naona ni maji tu, maji mengi, maji mabaya, maji yaliyokosa hewa. Nimechagua sita. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu kwa sababu walioandika wameumia kweli na kilichowapata kinaweza kukupata hata wewe, zingine nimezipitia haraka.

*

*Mwalimu habari. Nina vizimba vinne vya ngege ndani ya Ghuba la Winam upande wa Kisumu. Mwezi uliopita usiku kulikuwa na upepo mkali na mvua, kulipokucha nikakuta samaki wanaelea, kizimba kimoja chote na nusu ya kingine. Watu wa bichi wanasema kuna mtu alitia sumu na hata wameshamtaja. Mkopo bado nalipa. Ni sumu kweli ama ni haya mabadiliko ya tabianchi tunasikia kwa redio?*
*Mfugaji, Kisumu*

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole mama watoto pia maana mkopo wa vizimba haubebwi na mtu mmoja. Nianze na hiyo ya sumu kwa sababu hiyo ndio inaweza kufanya majirani waumizane bure. Nilikupigia nikakuuliza ni samaki gani walitangulia kufa, ukasema ni wale wakubwa, wale walikuwa wamebakisha wiki mbili tatu wavuliwe, na vifaranga wa kile kizimba cha mwisho wengi wako hai. Ukasema pia alfajiri ya siku iliyotangulia uliwaona wanapumulia juu midomo wazi na chakula hawagusi. Hizo dalili kwangu ni za kukosa oksijeni. Samaki mkubwa anatumia hewa nyingi ndio maana yeye anaanguka kwanza, na sumu mara nyingi haingebagua hivyo, ingepiga na vifaranga, ingepiga na fulu na omena wanaopita nje ya wavu. Tafadhali waambie watu wa bichi wamwache huyo jirani.

Sasa hewa ilienda wapi. Maji ya ziwa letu yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, na kwa vile tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, yakishiba oksijeni yanabeba karibu miligramu 7 tu kwa lita. Ngege akifika chini ya 3 anaanza kuhangaika. Ona hiyo nafasi ilivyo ndogo, 7 mpaka 3, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo, kwa hivyo ziwa likizidi joto hiyo nafasi inazidi kubana.

Halafu kuna hii ingine ambayo wengi hawaioni. Jua likipiga siku nyingi bila upepo, maji ya juu yanapata joto yanakuwa mepesi yanakaa juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Huko chini vitu vinaoza, gugumaji lililokufa, chakula cha samaki kilichopita wavuni, mavi yao, mbolea na udongo uliobebwa na mto Nyando, majitaka ya mji yanayoshuka na mto Kisat, na kila kinachooza kinakula oksijeni mpaka inaisha kabisa. Unakuja usiku mmoja wa upepo na mvua baridi, yale maji yanapinduka, ya chini yanakuja juu. Samaki walio huru ziwani wanakimbia. Wa kwako wamefungwa.

Ongeza mwani. Mchana ule ukijani wa maji unatoa oksijeni, usiku unavuta kama samaki tu, ndio maana saa mbaya zaidi ni ile kabla ya jua kutoka. Mvua za siku hizi zikimwagika kwa kishindo zinabeba mbolea nyingi kutoka mashambani mara moja na mwani unalishwa vizuri sana. Kwa hivyo ukiniuliza kama ni tabianchi nitakujibu ndio iko ndani, kwa joto na kwa mvua, lakini pia iko taka yetu na iko idadi ya samaki tunaowajaza kwa wavu mmoja. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa namna hii hii na watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakasema oksijeni ilikuwa chini.

Cha kufanya kuanzia kesho. Chukua sahani nyeupe ya plastiki, itoboe katikati, funga jiwe upande wa chini ili izame, na upande wa juu kamba yenye fundo kila sentimita 10. Saa sita mchana nenda kwa vizimba, ishushe polepole upande wa mtumbwi wenye kivuli mpaka usiione tena, hesabu mafundo, andika kwa daftari. Fanya hivyo kila siku mbili. Kama wiki jana ilikuwa inapotelea fundo la saba na leo inapotelea la tatu jua mwani umejaa na usiku samaki watakuwa na shida, na hapo unafanya mambo matatu haraka: unapunguza chakula ama unasimamisha kabisa, unavua wale wakubwa hata kama bei haijafika pale ulitaka, na unaamka saa kumi alfajiri kwenda kuangalia. Samaki wa kilo pungufu aliyeuzwa ni afadhali kuliko yule mnono anayeelea.

Kipimo cha oksijeni chenyewe ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kikundi cha bichi kikichanga mnapata kimoja cha kuzunguka nacho. Na mkiweza, sogezeni vizimba kwenye kina kirefu mahali maji yanatembea. Kizimba ambacho wavu wake karibu unagusa matope kinakaa juu ya ile jikoni ya uozo niliyosema. Umeniuliza kwa simu kama pampu ya sola ya kupuliza hewa itasaidia. Kwa bwawa la nyumbani inasaidia sana, lakini ndani ya ziwa hewa yako inaondoka na maji, usikope tena kwa ajili hiyo.

Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, jaza chupa ya maji palepale kabla jua halijapanda, weka samaki wawili waliotoka kufa kwa barafu, peleka KMFRI hapo Kisumu siku hiyo hiyo. Wale wengine wafukie nchi kavu. Usiwatupe ziwani maana wataoza na kumaliza hewa iliyobaki.

*

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Bahati, Nakuru, nina ng'ombe wawili wa gredi. Mwaka jana niliwekewa bayogesi ya ule mfuko wa plastiki, fundi akaniambia nitapika mpaka nisahau kuni. Miezi minne ilikuwa sawa kabisa. Saa hii inawaka dakika kumi inazima, na moto ni wa manjano. Fundi hashiki simu. Nimerudi kwa kuni na macho yananiuma. Niuuze huu mfuko?*
*Mama wa ng'ombe wawili, Bahati*

Marahaba mama. Usiuuze. Nilikuja kwako ile Jumamosi na nataka niandike tulichokiona ili wengine wenye mfuko kama wako wasome.

Kitu cha kwanza ulinionyesha jiko, nikafunga gesi na kuchomoa ule mpira mahali unalegea chini ya dirisha, na tukauinamisha. Maji yalitoka kikombe kizima, maji ya rangi ya chai yenye harufu ya mayai viza. Gesi ikitoka kwa mfuko inatoka na mvuke, usiku wa Bahati ni baridi, mvuke unageuka maji na yanakaa pale mpira umeinama, gesi inapita ikikohoa kohoa. Hiyo ilikuwa sehemu ya ule moto wa manjano. Dawa yake ni kijibomba cha kumwagia maji pale chini kabisa pa mpira, na uwe unakifungua kila Jumamosi.

Lakini hata baada ya kumwaga, gesi ilikuwa haba. Tukaenda kwa mfuko. Ulikuwa umelegea kama kibofu cha juzi. Nilitaka kujua kama unavuja, tukachanganya sabuni ya unga na maji tukapaka kila kiungo na sifongo, na pale kwa kishikio cha pili kukatoka mapovu madogo madogo yakipanda kama ya uji ukianza kuchemka. Hapo ndipo palikuwa panavuja, na kishikio umeshakikaza. Wasomaji, tafuteni uvujaji kwa sabuni, msitafute kwa kiberiti hata siku moja, kwa sababu methani, ile gesi inayowaka ndani ya bayogesi, ikichanganyika na hewa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 inalipuka.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye zizi. Kijana wako ni msafi sana, nampa heko, kila asubuhi anaosha sakafu ya zizi kwa mpira wa maji na ile dawa ya kuua viini, na mfereji wa zizi unashuka moja kwa moja mpaka kwa mdomo wa mfuko. Ndani ya ule mfuko kinachotengeneza gesi ni bakteria, viumbe hai. Dawa ya kuua viini inawaua kama ilivyoandikwa kwa kopo. Na ukaniambia mwezi wa tano ng'ombe mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele akadungwa antibiotiki, mavi yake yakaenda huko huko. Bakteria wako walipigwa mara mbili, na wale waliobaki wakawa wanakunywa maji matupu kwa sababu maji yote ya kuoshea yanaingia. Unatakiwa ndoo moja ya mavi kwa ndoo moja ya maji. Wewe kwa makadirio yangu ulikuwa unaweka moja kwa nne ama tano bila kujua.

Tumekubaliana hivi. Mfereji wa zizi umegeuzwa, unaenda kwa majani ya ng'ombe. Wiki mbili hulishi mfuko. Baada ya hapo, yule jirani yako ambaye bayogesi yake inawaka vizuri atakupa madebe manne ya ule uji unaotoka kwa mtambo wake, unayamimina kwa wako. Wewe unagandisha maziwa lala, unajua unabakisha kidogo ya jana ili ya leo yashike, basi ni kitu kimoja. Kisha unaanza na nusu ndoo ya mavi kwa nusu ndoo ya maji kila siku kwa wiki nzima, wiki ya pili ndoo moja, unapanda hivyo mpaka unafika ndoo mbili. Gesi ya mwanzo haitawaka vizuri kwa sababu kubwa yake ni kaboni dioksidi, usife moyo. Ng'ombe akidungwa dawa, mavi yake yaende shambani kando mpaka zile siku ambazo maziwa yake hayauzwi ziishe na wiki moja juu yake.

Baridi nayo. Hawa bakteria raha yao ni joto la nyuzi 35 hivi, na kwenu mwezi wa saba asubuhi ni nyuzi kumi na kidogo. Zungushia mfuko ile plastiki nyeupe ya banda la nyanya na pande zote jaza majani makavu. Hapo utakuwa umeupa blanketi.

Utarajie nini? Ng'ombe wawili wa gredi waliofungiwa wanatoa kilo 40 hivi za mavi kwa siku, na hizo zikienda vizuri zinakupa saa tatu hivi za jiko moja. Chai asubuhi, ugali na mboga jioni, maji ya kuoga ya mtoto. Githeri ya kuchemsha kutoka mwanzo itakumalizia gesi yote, hiyo iache kwa jiko la makaa lililotiwa udongo, ama loweka mahindi na maharagwe usiku kucha ndio uyaweke kwa gesi. Aliyekuambia utasahau kuni alikukosea kwa kutokupa hesabu hii, na alikukosea zaidi kwa kutokuelezea habari ya dawa ya zizi. Hilo limeniudhi, maana mtu anauza mtambo wa maelfu ya pesa na anaondoka bila kumwambia mama kwamba ndani mnaishi viumbe.

Neno moja kwa wote wenye bayogesi: gesi ikizidi msiiachilie hewani, iwasheni hata kama hamna sufuria. Methani inashika joto la dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ukihesabu miaka 100, kwa hivyo mtambo unaovuja unaweza kufuta faida yote ya kuni ulizookoa.

*

*Mwalimu, tunaambiwa dunia inapata joto na ukame. Mbona basi Ziwa Nakuru linapanda kila mwaka? Nimeonyeshwa ploti upande wa Mwariki, bei iko chini sana, ninunue?*
*Kijana wa Nakuru*

Usinunue bado kijana wangu, nisikilize kwanza.

Joto la dunia halileti ukame kila mahali. Hewa ikipanda joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hivyo mahali pengine inanyonya unyevu wa udongo mpaka mimea inakauka na mahali pengine inamwaga mvua ya wiki kwa saa mbili. Hapa kwetu tumepata yote mawili. Sasa Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Mto Njoro unaingia, Makalia unaingia, Nderit unaingia, maji yaliyosafishwa ya mji yanaingia, na njia ya kutoka ni jua tu kuyakausha. Miaka ya 90 katikati ziwa hili lilikauka karibu lote, wazee wa hapa wanakumbuka vumbi jeupe la magadi likiruka mpaka mjini. Kuanzia 2010 hivi mvua zikazidi kile jua linakausha na likaanza kupanda, kama Baringo, Bogoria na Naivasha, likafunika lango kuu la zamani la mbuga ikabidi wahamishe. Miteremko ya msitu wa Mau iliyokatwa miti imechangia kwa sababu maji yanashuka haraka na udongo unajaza sakafu ya ziwa. Ziwa Victoria nalo Mei 2020 lilivuka rekodi ya 1964.

Wale ndege wa heroe wengi walienda Bogoria kwa sababu maji ya mvua yalizimua magadi na ule mwani wao wanaokula ukapungua. Huwa naumia nikipita pale nikikumbuka ufuo wa waridi niliouzoea.

Habari ya ploti. Nenda uangalie ile migunga ya manjano iliyokufa imesimama ndani ya maji, matawi meupe kama mifupa. Mgunga ule unapenda kukaa karibu na maji lakini mizizi ikizama miaka inakufa, kwa hivyo pale ulipo mti mkubwa mkavu palikuwa nchi kavu kwa muda mrefu na ziwa limeenda kupachukua. Tembea kutoka mti wa mwisho mkavu mpaka ploti yako, na njia yote uangalie kama unapanda. Kama mwinuko haufiki hata urefu wa mtu, achana nayo. Kisha uliza majirani watatu tofauti, sio yule wa kuuza, maji ya choo chao huwa yanapanda mwezi wa tano? Choo kikijaa maji kutoka chini ujue ziwa limeshafika chini ya ardhi hata kama kwa macho bado liko mbali. Bei iko chini kwa sababu hiyo.

*

*Watoto wangu wana meno ya kahawia, daktari anasema ni maji ya kisima. Tunachemsha kila siku mbona haisaidii? Tuko nje kidogo ya mji wa Nakuru.*
*Mama wa watatu*

Mama, kuchemsha kunaua viini, lakini hii ni floraidi, ni chumvi ya mawe ya volkeno ya Bonde la Ufa, na ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki palepale, kwa hivyo inazidi kuwa kali. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi virefu vya huku kwetu viko juu ya hapo. Usijilaumu kwa hilo hata kidogo, ulikuwa unafanya ulichofundishwa.

Njia ni mbili. Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa iliyochomwa bila hewa nyingi ikasagwa, floraidi inanasa humo. Kazi hii imefanywa hapa hapa Nakuru miaka mingi na programu ya maji ya Dayosisi ya Katoliki. Ule mkaa unachoka, lazima ubadilishwe na maji yapimwe, chujio ambalo halijabadilishwa ni ndoo tu.

Ya pili ni paa lako, na hii ndio naipenda, kwa sababu maji ya mvua hayajapita kwa mwamba. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Nakuru inapata kama milimita 950 kwa mwaka wa kawaida. Hata ukipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka unabaki na zaidi ya lita 36,000. Watu watano, kunywa na kupika peke yake, lita 25 kwa siku ni lita 9,000 hivi kwa mwaka. Maji yapo, shida ni kuyaweka mpaka Desemba hadi Machi yapite, ambazo ni siku 120 hivi, lita 3,000. Tenki ya lita 3,000 inawatosha ya kunywa na kupika, kufua na kuoga mtumie ya kisima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, ina vumbi na mavi ya ndege. Funga wavu mdomoni mbu wasiingie, na tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwa chupa yake.

Anza na yule mdogo. Meno ya kudumu yanajijenga ndani ya ufizi mpaka karibu miaka 8, kwa hivyo kama hajafika hapo bado unamwokolea tabasamu. Wale wakubwa waliobadilika rangi wapeleke wakapewe ushauri wa meno na uwaambie kabisa kwamba hawakukosa kupiga mswaki, kwa sababu shuleni wanachekwa.

*

*Mimi ni bodaboda Kondele. Wameniambia nichukue ya stima, kwamba inasaidia mazingira. Na mfuko wangu je?*
*Dereva, Kisumu*

Kwa mazingira ni kweli, hasa Kenya, kwa sababu stima yetu karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Petroli lita 1 ikiungua inatoa kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na wewe unayezunguka kilomita 100 kwa siku unachoma lita mbili na kitu. Na moshi unaoupumua siku nzima pale stejini wakati wa foleni ni mapafu yako, hilo mimi naliweka mbele ya yote.

Mfuko wako hauwezi kujibiwa na muuzaji. Wiki moja nzima andika kila siku kilomita, petroli na oili, ujue shilingi ngapi kwa kilomita. Kisha ulizia bei ya kubadilisha betri moja na inakufikisha kilomita ngapi ukiwa na abiria wawili na gunia kupanda Riat, sio kwa barabara tambarare peke yako. Uliza vituo viko wapi, ukipeleka mtu Maseno utarudi? Betri ni yako ama ya kampuni? Na ukilipa polepole ukachelewa siku mbili wanaizima kwa mbali? Mambo hayo yawe kwa karatasi kabla hujaweka sahihi.

*

*Shamba langu Ugunja limejaa gugu la kayongo, mahindi yanatoka manjano mafupi. Nimeng'oa mpaka mgongo unauma. Kuna dawa?*
*Nyanya wa Siaya*

Nyanya shikamoo. Ukiona lile ua la zambarau tayari kayongo ilishanyonya mzizi wa mahindi chini kwa wiki kadhaa, ndio maana kung'oa hakukomi, na mmea mmoja unaachia mbegu maelfu zinazokaa udongoni miaka mingi zikingoja.

Iko njia ya vuta-sukuma iliyotengenezwa na watafiti wa ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, pale Mbita. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali inayoamsha mbegu za kayongo halafu inazizuia kushika mzizi wa mahindi, zinaota zinakufa. Harufu yake inafukuza wale nondo wa funza wa bua, na nyasi za pembeni zinawavuta wakatagie huko. Inaongeza nitrojeni kwa udongo na inaufunika usikauke. Kwa vile mvua zenu zimekuwa za kukatika katika chukua ile desmodiamu ya majani ya kijani na nyasi za brakiaria aina ya Mulato II, hizo zinavumilia kiangazi kuliko zile walizoanza nazo.

Msimu wa kwanza utaona kazi ni nyingi kwa sababu desmodiamu inaota polepole na magugu yanaizidi, mwambie mjukuu akusaidie kupalilia mara mbili. Ikishashika haipandwi tena kila mwaka, unaikata unalisha mbuzi. Anza na robo eka, ile kona iliyo mbaya kuliko zote, na mbegu waulize watu wa kilimo wa kaunti ama majirani waliotangulia, maana desmodiamu unaweza kuipanda hata kwa vipande vya mashina yake yanayotambaa ukipewa gunia moja mvua ikiwa imeshika.